Nalala, Sijafa: Tukimkumbuka Mama Tambarare

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama umeshika ufagio, uegemeze ukutani, vumbi halina haraka. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyelala shambani mchana kweupe kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hakuwa mvivu hata chembe.

Alikuwa dereva wa trekta. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: dereva wa trekta. Watu walimwita Mama Tambarare. Ametutoka mwezi uliopita, akiwa kitandani kwake, mahindi yakiwa yamefika magotini.

Kazi yake ilikuwa kupiga haro. Wewe wa mjini usibadilishe stesheni, nakueleza sasa hivi. Plau likishapita shambani huacha mabonge. Haro inafuata kuyavunja. Ina sahani za chuma zilizosimama kwa safu mbili, moja mbele, moja nyuma. Safu ya mbele inatupa udongo nje. Safu ya nyuma inaurudisha ndani. Safu hizo zikielewana, shamba linakuwa tambarare. Zikinuniana, unabaki na tuta hapa na mfereji pale. Mvua ikija, maji yanatuama kwenye mfereji na mbegu inaoza. Juu ya tuta nako mbegu inakauka. Mkulima anabaki kushika tama.

Sasa Mama Tambarare alikuwa na utaratibu wake. Akishapiga mstari wa kwanza, anazima trekta, anashuka, analala kifudifudi. Shavu chini, jicho moja amelifumba, anachungulia shamba lote kama mtu aliyeangusha sindano sakafuni. Akiona tuta hata la unene wa kidole, anainuka, anatoa spana mfukoni, anarekebisha haro. Anapiga tena. Analala tena.

Siku ya kwanza kufanya hivyo, palikuwa na mwashi anajenga ukuta ng'ambo ya barabara. Mwashi huyo yupo hadi leo, na alinisimulia huku anacheka mpaka akakohoa. Aliona trekta limezimwa na mwanamke yuko chini, hatikisiki. Akatupa mwiko, akapiga yowe: "Jamani, trekta limeua mtu!"

Watu wakatoka mbio. Mama mmoja alikuwa anafua. Akaja na ndoo yake, akammwagia marehemu maji yote, povu la sabuni na soksi moja juu.

Marehemu akainuka.

"Nani kamwaga maji hapa?"

"Tulidhani umekufa, dada!"

"Afadhali ningekufa! Ona sasa, pamebonyea! Nilikuwa nimeshapasawazisha!"

Tangu siku hiyo, kabla ya kulala alipaza sauti ili majirani wote wasikie: "Nalala, sijafa!" Walio karibu na mashamba yale waliizoea kama sauti ya jogoo. Watoto wakilazimishwa na mama zao walale mchana, nao walijibu hivyo hivyo.

Mume wake ni fundi cherehani. Mtu nadhifu, shati jeupe, tepu shingoni. Nilimuuliza walikutanaje. "Viwiko," akaniambia. "Kila wiki alikuja na nguo ya kazi imetoboka viwiko na magoti. Nikaweka kiraka juu ya kiraka. Mwisho nikaona huyu atanimalizia nyuzi, bora nimwoe nijue moja." Akacheka peke yake. Halafu akaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Mungu aliwajalia binti mmoja. Binti huyu alikulia kwenye trekta, analiendesha kama anacheza. Mama yake alimwachia usukani mapema, lakini spana hakumwachia. Spana ya haro ilikaa mfuko wa kulia wa mama, na haikwenda kwa mtu mwingine. Kwao mwenye spana ndiye mwenye kazi, mwingine ni dereva tu.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akamwambia aachane na trekta, kabisa. Mvua zilikuwa zinakaribia na wakulima wanapiga hodi kila asubuhi. Hapo nyumba ile ikaingiwa na hofu mbili. Mama aliogopa kwamba kazi aliyoijenga kwa viwiko vyake itazikwa naye. Binti aliogopa kitu kingine, na alikisema mbele yangu bila kuficha: "Nilikuwa naogopa ataondoka hajaniamini."

Basi binti akaamua kumwonyesha. Akaazima spana kwa jirani. Akaenda kwa yule mwashi wetu akaazima pimamaji, kile kifaa chenye kipovu ndani. Akaishusha haro kwenye sakafu ya saruji pale uani, akaweka pimamaji juu ya fremu, akakaza, akalegeza, akakaza. Kipovu kikatulia katikati kabisa. Mwashi mwenyewe alikuja kukagua, akasema hata ukuta wake haujanyooka hivyo.

Kesho yake wakaenda shambani. Mama akawekewa kiti pembeni, khanga magotini. Binti akapiga mstari wa kwanza kwa maringo yote. Alipogeuka nyuma, katikati ya shamba kulikuwa na tuta limelala kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda.

Mama alicheka mpaka fundi cherehani akaogopa kwa ajili ya moyo wake.

"Mama, lakini pimamaji ilisema iko sawa!"

"Haro iko sawa, sikatai. Nani alikutuma usawazishe haro? Sawazisha udongo, mwanangu!"

Wasikilizaji wapendwa, nilipoisikia sentensi hiyo niliomba irudiwe. Sawazisha udongo. Kwenye saruji chuma kinakaa kwa adabu. Kikiingia ardhini na trekta likaanza kuvuta, kinabadilika. Siku ile safu ya nyuma ilikuwa inazama kuliko ya mbele, inarudisha udongo mwingi mno, inaurundika katikati.

Lakini haya mama hakuyaeleza. Alikunja mikono tu. Binti aliniambia, "Nilitaka kulia. Nikaona watu wapo, nikaona aibu, nikalala." Ndiyo, alilala kifudifudi, shavu kwenye udongo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaliangalia lile tuta usawa wa jicho. Akainuka, akaenda kwenye mkono wa juu, ile fimbo inayofunga haro na trekta kwa juu. Akaufupisha kidogo. Haro ikainamisha pua mbele, nyuma ikanyanyuka. Mpita njia mmoja akamwambia, "Dada, chombo chako kimekaa upande." Akapanda trekta. Akapiga mstari mpya.

Mama akataka kushuka kwenye kiti akalale. Magoti yakakataa, pumzi ikakataa. Akamgeukia mumewe.

"Fundi, lala."

"Na shati hili?"

"Lala, baba. Kwanza sema."

Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema kwa sauti ndogo, "Nalala, sijafa." Akalala na tepu yake shingoni.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Angalia katikati."

"Mama watoto, sioni kitu. Ni udongo tu, mpaka kule kwenye uzio."

Mama akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa spana, akamnyooshea binti yake. "Chukua. Inanitoboa mfuko."

Hakusema hongera. Binti anasema hata yeye hakuihitaji tena. Alilia hapo hapo, na watu walikuwepo.

Mahindi yakachipua yote pamoja, na mama aliyaona. Asubuhi moja fundi aliamka, akamkuta mwenzake amelala kwa ubavu, shavu kwenye mto. "Nikangoja aseme," aliniambia. "Nilijua hatasema. Bado nikangoja."

Inauma, wasikilizaji wapendwa. Nisiwadanganye, hapa studio fundi mitambo wangu anajifanya anasafisha miwani.

Kwako fundi cherehani, kwako binti, kwa ndugu na majirani wote, poleni sana. Mungu ampumzishe mahali pema, na huko pawe tambarare, la sivyo hatapumzika. Nasi tuliobaki tujiulize usiku wa leo, mimi nikiwemo: ni mambo mangapi tumeyanyoosha yakapendeza uani, na tukipita shambani yanaacha tuta?

Na ombi moja. Msimu huu ukipita kwenye mashamba yale ukamwona mwanamke kijana amelala kifudifudi pembeni ya trekta, tafadhali usimmwagie maji. Muulize anaona nini. Akikujibu haoni kitu, mpe pole ya kazi, uendelee na safari yako.