Walitaka Nikiri Kabla ya Kutoa Damu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mchungaji amenipa nafasi nishukuru, na nitashukuru, lakini hasira ninayo na sitaificha.

Binti yangu Neema alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, midomo na viganja havina rangi. Akinyonya mara mbili amechoka. Wodini walimlisha maziwa yangu kwa mpira wa puani, nami nikamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, asishikwe na baridi. Kisha muuguzi akaniambia damu ya mtoto imeshuka mno, na hospitalini hakuna ya kumfaa. Niite watu wangu waje kutoa.

Nikawaita. Mama mkwe alitoka Vitengeni, nanyi akina mama wa maombi mkaja kutoka hapa Muyeye. Nilifurahi, mjinga mimi. Mlisimama kando ya kitanda mkasema mtoto amebemendwa, eti nimetoka nje ya ndoa na uchafu wangu ndio unaomdhoofisha. Mume wangu hufanya kazi Lamu, basi maneno yenu yakapata pa kukaa. Mkasema nikiri kwanza, ndipo mtoe damu.

Ndugu zangu, sijamjua mwanamume mwingine, Mungu ni shahidi. Lakini mwanangu alikuwa akihema juujuu kifuani pangu. Nilifungua mdomo nikiri uongo.

Muuguzi akanikatiza. "Nyamaza, mamangu. Mtoto amezaliwa mapema, hakupata muda wa kujiwekea damu ya kutosha. Hakubemendwa na mtu." Akawageukia nyinyi. "Haya, nani anatoa?"

Mkaangalia sakafu. Jirani yangu Mwanaisha, aliyekuwa ameniletea uji, akapandisha mkono wa buibui lake. "Nipimeni mimi."

Alipimwa, ikafaa. Neema akaongezwa damu tone kwa tone, midomo ikapata rangi, na siku chache baadaye akanyonya mpaka akalala titi mdomoni. Leo ana miaka miwili, ndiye huyu anayenivuta leso.

Namshukuru Mungu aliyemponya mwanangu na kuniokoa na uongo ule. Kuwasamehe nyinyi bado najitahidi, niombeeni. Na wewe dada uliyekaa nyuma na kichanga kisichonenepa, nimesikia wanayokunong'onezea. Mtumaini Mungu, usikiri usilolifanya. Kesho asubuhi tutakwenda hospitali pamoja, na damu ikihitajika, wataanza kunipima mimi.