Mlima wa Kwenda na wa Kurudi

Lori la kwenda Salamabila lilikuwa likipanda mlima polepole. Marguerite, juu ya gunia lake la mchele, alisikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Chimène, binti aliyekuwa akienda kufanya mtihani wa serikali kesho yake, alichora mstari wenye nukta mbili kwenye vumbi la bido, dumu la mafuta lililokuwa kando yake.

"Toka nukta hii mpaka ile, napanda nane, naenda pembeni nne. Nane gawanya kwa nne, pente, yaani mwinuko wa mustari, ni mbili. Mwaka jana, namba ya juu ya sehemu niliitoa kuanzia huku, ya chini nikaanzia kule. Nikapata minus mbili, wakaniangusha."

Placide, mchuuzi aliyekaa akitazama nyuma, alicheka. "Kadogo, kwenda tunapanda, kurudi tutashuka. Minus yako ilikuwa ya kweli!"

Marguerite aliona kwamba Placide, aliyeipa njia kisogo, ndiye aliyeijua zaidi.

"Hapana, papa. Ukianzia kule, anzia kule juu na chini. Minus mbili zinauana. Mustari haujali mutu anatoka wapi."

"Magoti yangu yanajali!"

Lori likazima. "Mushuke, musukume!" dereva akaita.

Chimène akaweka bega kando ya Placide. "Papa, kesho niandike minus?"

"Andika plus!" akahema mzee. "Lakini siku ya kurudi, tutaongea tena."