Mate ya Mashabiki wa Derek

Ndugu Katibu wa Chama wa Kata, Padri Ansgar, akina mama mliopika tangu alfajiri, na ninyi wachimbaji wa Nyarugusu mliokuja na tope lenu miguuni: itifaki naishia hapo, maana niliacha shule kabla ya kufundishwa vyeo vilivyobaki.

Leo tunamuaga Derek, fundi wa pampu, anayerudi kwao Uingereza kesho. Mmemwona mpole, akila ugali kwa aibu, akiwaamkia shikamoo hata watoto. Nani kati yenu angedhani mpole huyu alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya panki, ule muziki wa kelele na uasi, iliyoitwa Misumari ya Kutu? Picha nimeiona. Nywele zimesimama kama nungunungu aliyeona mbwa, suruali imechanika na hakuna aliyejali kuishona.

Walianza vijana wanne, hawajui kupiga, wakapiga hivyohivyo. Wakamkejeli meya wao kwa nyimbo. Kumbi zikafungwa, magazeti yakawaita wahuni, na kadiri walivyozuiwa ndivyo watu walivyofurika. Kisha wakaingia mkataba na kampuni kubwa, na mashabiki walewale wakawaita wasaliti. Katika onyesho la mwisho ukumbi mzima uliwatemea mate. Derek akatua gitaa, akaondoka, akamwacha mwimbaji wao, Roni, peke yake jukwaani. Kakimbia mate, kaja kuzama kwenye tope letu.

Sasa Roni amemwita wapige tena pamoja. Juzi Derek alikuja kwangu.

"Mzee Telesphori, kwetu narudi, ila kwa Roni siendi. Watanitemea tena."

"Kwani kwenu mate ni laana?"

Akakuna kichwa. "Mwanzoni yalikuwa sifa. Walitutemea wakifurahi."

"Na siku ile ya mwisho, ulijuaje kuwa ni hasira?"

"Nilidhani tu," akasema, huyu anayejua ugonjwa wa pampu kabla haijakohoa.

Jamani, hapa Usukumani mzee akikutemea mate kifuani, amekubariki. Huyu huenda alibarikiwa na ukumbi mzima, akatoka mbio. Sisemi yote yalikuwa baraka. Hata mimi nikimbariki mkwe wangu, mengine huponyoka yakiwa na nia nyingine.

Basi Derek, sogea. Mimi na wazee hawa tutakutemea, na ole wako ukimbie. Kisha nenda ukasimame kando ya Roni, upokee ya kwenu, na safari hii usishuke mpaka wimbo uishe. Hapo ndipo utajua yalikuwa mate gani.

Wabeja sana, yaani asanteni, ninyi mlionitegea masikio huku matumbo yakinguruma.