Kidude Cheusi Nyuma ya Kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa karakana yetu ya viungo bandia, wajumbe wa kamati, mafundi, wazazi wetu, na ninyi wenzangu mliokalishwa mstari wa mbele kwa kuwa magongo na ngazi havipatani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Kama kuna niliyemruka, si dharau, ni woga.

Nimeteuliwa kumuaga fundi wetu mkuu anayestaafu leo, huyu tunayemwita Babu Milimita, kwa niaba ya wote tunaotembelea miguu aliyoitengeneza. Hotuba niliyoandikiwa ina neno "adhimu" mara nne. Nimeikunja, iko mfukoni. Nitasoma hii niliyoandika mwenyewe, na ninaomba nisitazamwe sana usoni.

Kwa miaka ishirini na miwili Babu alitumia kompyuta moja kuukuu na programu moja. Ukija kupimwa, alikishika kigutu chako kama mtu anayepokea kichanga, akaingiza vipimo, na mashine ikachonga kalibu ya mguu wako. Mimi nilipata wa kwanza nikiwa na miaka minne. Kila niliporudi alifungua faili langu, akanuna. "Wewe unarefuka kwa hila. Si tulikubaliana ukomee hapo?"

Watu mia tatu na kumi na wawili tulikuwa ndani ya programu ile. Kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa zamani, kwa hiyo hakuna pa kununua nyingine. Nayo ilifanya kazi kwa sharti moja: nyuma ya kompyuta kulichomekwa kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, nacho ndicho kilikuwa ufunguo. Bila kidude hicho, programu hudhani imeibiwa, ikajifunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka jana ulituletea kompyuta mpya, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Lakini nani angeihamisha programu ya zamani iingie humo? Wiki hiyo Babu alikuwa hospitali, akipasuliwa jicho. Mkurugenzi akaniita: "Wewe si ndiye unayesoma kompyuta shuleni? Tusaidie." Mimi nisiyeweza hata kuuliza bei dukani, siku ile nilijiona mtu.

Nilinakili kila faili, nikayahesabu mara mbili. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, nikakisoma chote, ingawa kurasa za mwisho zilikwisha kuchanika. Kisha nikakiona kidude, kimezungushiwa plasta yenye mwandiko wa kalamu. Kwa Kiswahili. Sikuusoma mpaka mwisho. Niliona "usi", nikadhani ni mambo ya usiweke chai hapa. Shuleni kwetu kompyuta husomwa kwa lugha moja, nyumbani tunaongea nyingine, na nilikuwa nimeamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba jambo zito la kompyuta haliwezi kuandikwa kwa lugha ambayo kwayo mama huniambia nikaoshe vyombo.

Nikakichomoa. Kompyuta mpya haikuwa na tundu la kukipokea, basi nikakitupa kwenye boksi pamoja na kibodi mbovu. Alama ya programu ilionekana kwenye kioo, nikatosheka, sikuifungua kuijaribu. Mchana mkokoteni wa chuma chakavu ukapita, ukalichukua boksi.

Babu alirudi jicho moja likiwa limefunikwa. Akaifungua programu, ukatokea mstari mmoja tu: ufunguo haupo.

"Mjukuu wangu, umekiona kidude cheusi hapa nyuma?"

"Sijakiona, Babu."

"Hukukiona kabisa?"

"Kabisa."

Alinitazama kwa lile jicho lililobaki. "Basi labda nilikichomoa mimi kabla ya kwenda hospitali. Uzee huu nao." Kisha akafungua droo, akaitia ndani kadi ndogo yenye tundu la zamani aliyokuja nayo. Alikuwa ameitafuta miezi minane, tangu tulipoahidiwa kompyuta mpya, ili kidude kipate pa kukaa ndani yake.

Nilikwenda kwa muuza chuma chakavu siku hiyohiyo.

"Natafuta kidude cheusi."

"Binti, hapa vyote ni vidude. Chako kina uzito gani?"

"Hakina uzito."

"Basi kwangu hakijafika. Mimi napokea vyenye uzito."

Wajumbe wa kamati, mlimwandikia Babu barua ya uzembe, akaitia saini. Mmemsikia mara ngapi akisemwa kwamba mzee amechanganyikiwa, naye yupo anasikia? Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa palepale, nikimshikia futi ya kupimia.

Leo mashine ya kuchonga imefunikwa turubai. Tunapelekwa karakana nyingine, na kusubiri zamu ni miezi tisa. Mtoto yule aliyepakatwa na shangazi yake ana kidonda, kwa sababu mguu alionao ulikwisha kumbana tangu mvua za kwanza. Wangu umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Nimeegemea meza hii, msidhani ni madaha.

Babu ameanza upya kwa futi na daftari. Amefika mtu wa tisini na sita, na leo ndiyo siku yake ya mwisho.

Juzi, tukipima, nilimuuliza ile plasta ilikuwa imeandikwa nini. Hakuniuliza nimejuaje kama kulikuwa na plasta. Akaandika kipimo, akapuliza wino, akasema: "Niliandika, usikichomoe, watu wamesimama juu ya hiki."

Alijua. Alijua tangu siku ile ya kwanza, akaitia saini barua iliyokuwa yangu.

Mkurugenzi, naomba barua ile itolewe kwenye faili lake kabla hajatoka getini, iandikwe nyingine yenye jina langu. Futi na daftari naomba niachiwe mimi, nimalize mia mbili na kumi na sita waliobaki, kama wenyewe watakubali niwashike.

Babu, sikuombi unisamehe hapa. Mbele za watu hutaweza kukataa.

Nawashukuru nyote mlionivumilia mpaka neno la mwisho. Sasa naomba mtu anishike mkono, maana ngazi za kushukia ni tatu, na mguu wangu haufiki.