Kirusi cha Nchi Tano

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mwanamke wa maabara alikuwa akimweleza fundi cherehani kazi yake, na fundi, futi ikining'inia shingoni, alisikiliza kama anayechukua vipimo vya mteja. "Nchi mbalimbali zinatutumia sampuli za korona, baba. Sisi tunachunguza aina mpya imetokea wapi na inaelekea wapi. Juzi tumekuta moja haijawahi kuonekana, kwenye nchi tano, siku moja. Mkuu wangu ameijaza ramani mishale, kesho anatangaza." "Nchi zenyewe zinapakana?" "Hata kidogo. Ndiyo maana hatulali."

Fundi alisema suruali tano zikirudishwa na kasoro ileile, yeye haulizi wateja wanaishi wapi, anauliza nani alishona. "Hizo sampuli tano alizishika nani?" "Mimi." "Ulikuwa mzima?" "Kikohozi tu cha vumbi. Na barakoa nilivaa." "Wapi?" "Kidevuni. Nikiipandisha, miwani inaingia ukungu, sioni kazi." "Basi futa mishale, mwanangu. Chora mmoja tu, uelekee kwako." "Baba, wewe ni mtu wa suruali," alijibu mwanamke, kwa hasira ya mwenye shahada mbili, na hasira ikamletea kikohozi.

Madirisha yote yalifunguliwa kwa mpigo, hata lile ambalo konda hutuapia kwamba limekwama tangu basi linunuliwe. Basi liliposimama tulishuka karibu wote. Mimi kwangu kulikuwa bado vituo vinne.