Mwalimu Herlinda Cuevas, Aliyeagiza Lisifichwe

Mwalimu Herlinda Cuevas Barragán, tuliyekuja kumsindikiza leo Jumamosi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa hapa San Isidro del Vado, jimbo la Veracruz. Alikuwa mtoto wa pili wa mwoka mikate Don Fidencio Cuevas na mkewe Doña Amparo Barragán. Alizaliwa saa ya kutoa mikate tanurini, na baba yake kwa furaha akaiunguza yote. Kijiji kizima kilikula mikate myeusi asubuhi ile na hakuna aliyelalamika, au kama yupo hatukuambiwa.

Alisoma shule yetu ya msingi, akabeba bendera katika kile kikosi cha wasichana sita wanaofaulu kuliko wenzao. Mwaka 1964 alikwenda chuo cha ualimu Xalapa, sanduku lake limefungwa kwa kamba ya katani. Alihitimu mwaka 1967, akarudi kufundisha darasa la sita na kusimamia heshima za bendera kila Jumatatu. Baada ya bendera lilifuata somo la uraia: namna ya kuishi na mwenzako bila kumdharau.

Wengi mliopo hapa mlipitia mikononi mwake. Mtakumbuka siku Chucho Rebolledo alipomwita mwenzake Pua-nguruwe. Mwalimu hakuchukua fimbo. Alisema, "Vizuri. Leo na mimi naitwa Pua-nguruwe. Anayetaka ruhusa ya kutoka aniite hivyo." Wakajibana mpaka saa tano. Mwalimu mkuu akaingia kumwona Mwalimu Herlinda, na Chucho, ambaye hali yake ilikuwa mbaya, akapaza sauti: "Pua-nguruwe, nakuomba, nitoke!" Tangu siku hiyo jina hilo halikusikika tena darasani.

Tarehe 20 Mei 1972 alifunga ndoa na fundi seremala Crescencio Olmos, mtu mpole asiyejua kucheza muziki, wakajaliwa watoto wawili. Crescencio alimtangulia mwaka 2009.

Sasa, ndugu zangu, kuna jambo. Marehemu aliagiza lisomwe, na akasema likirukwa basi lisisomwe lolote.

Jumatatu tarehe 15 Oktoba 1984, watoto walikuwa wamepanga mistari uwanjani, mkono wa kulia kifuani, kiganja kikitazama chini. Noemí Tadeo Lagunes wa darasa la nne, umri wake miaka tisa, alisimama wima, mikono ubavuni. Familia yake walikuwa wa dini isiyoruhusu kupigia bendera saluti.

"Noemí, mkono kifuani," Mwalimu alisema.

"Siwezi, mwalimu. Lakini nimesimama vizuri, sijacheka."

Watoto ndio waliocheka. "Msaliti huyo!" mmoja akasema. "Mpelekeni Marekani kwa wagringo!" Mwalimu, aliyekuwa akikataza matusi mwaka mzima, siku ile hakuyakataza. Alimshika mtoto bega, akamfikisha getini, akamwambia: "Nenda nyumbani. Urudi ukishajifunza heshima."

Wiki ile wazazi tulikutana, tukatia saini kwamba asipokelewe. Sahihi zilikuwa arobaini na moja. Ya kaka wa marehemu, Tacho, anayewasomea haya, ilikuwa ya tatu. Hakuna aliyeona amefanya ubaya; tulidhani tunailinda shule.

Noemí akahamia shule ya El Zapote, ng'ambo ya mto, akivuka kwa miguu penye maji haba. Ijumaa tarehe 28 Juni 1985 mvua ilinyesha milimani, huku kwetu jua linawaka. Maji yalimkuta katikati. Alipatikana siku ya tatu.

Mwalimu Herlinda alikwenda msibani. Mama wa mtoto, Doña Eunice Lagunes, hakumruhusu kuvuka kizingiti. Alimwambia mbele za watu: "Ulisema arudi akishajifunza heshima. Haya, mwalimu. Mngojee."

Tangu hapo, kila mwaka, somo lake la kwanza la uraia lilikuwa hilo. Aliandika ubaoni jina la Noemí na tarehe zake, akaeleza alichokitenda yeye mwenyewe, bila kumsukumia mtu mwingine. Mtoto asiyepiga saluti alisimama naye bega kwa bega, Mwalimu naye mikono ubavuni. Wazazi walikwenda kumshtaki kwa mkaguzi, naye Mwalimu akahamishiwa milimani miaka miwili. Aliporudi mwaka 1988 aliandika jina lile lile. Kila Juni alibisha mlango wa Doña Eunice kuomba radhi. Haukufunguliwa. Alistaafu Julai 2004.

Kisukari kilianza kumsumbua mwaka 2011. Kilichukua mguu wa kushoto, kisha macho, kisha figo, na mwaka huu alikuwa akienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumapili iliyopita alimwita kaka yake.

"Tacho, nenda kwa Eunice. Muulize kama nitakufa hivi hivi, bila msamaha wake."

Safari hii mlango ulifunguliwa. Doña Eunice ana miaka themanini na mbili sasa. Hakumkaribisha kiti.

"Na wewe ulitia saini," alisema.

"Nilitia, Doña Eunice. Nisamehe."

"Sikusamehe, na yeye simsamehe. Mwambie hivyo, usimpake asali kwa sababu anakufa." Alishika mlango, kisha akauliza: "Ila kijiji hiki chote ni yeye tu aliyekuwa akimtaja mwanangu. Akiondoka, nani atamtaja?"

Marehemu aliletewa maneno hayo yote kama yalivyo. Alisema, "Amesema kweli," akageukia ukutani. Alifariki Alhamisi tarehe 7 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mmoja. Hakusamehewa, na hatutasema vinginevyo.

Ameacha watoto wawili, Rosaura na Fidencio, wajukuu watano, na kaka mmoja. Katika sala za siku tisa, kuanzia leo, tutamtaja pia Noemí Tadeo Lagunes, aliyeishi miaka kumi, na sisi tuliotia saini ambao bado tuko hai, kumi na wanne, tutamtaja kwa sauti, mmoja mmoja.

Ee Mungu, mpe Herlinda pumziko ambalo hapa hakulipata.