Mama Waya na Chumba Namba Kumi na Saba

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na mshonaji. Paa la nyumba yao lilivuja. Ndugu zake walikinga ndoo. Yeye alihesabu matone kwa dakika na kuyaandika daftarini. Babu yetu, yule fundi viatu, alipoziba tundu, binti yake huyo alinuna wiki nzima.

Katika darasa la fizikia la kidato cha tano alikuwa msichana pekee. Mwalimu mmoja alimshauri achague somo jepesi, naye akauliza jepesi la kilo ngapi. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1992 na ya uzamili mwaka 1996, akaajiriwa chuoni mwaka huohuo. Alifundisha kwa miaka ishirini na minane.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kukarabati nyaya za maabara. Marehemu aliikagua kazi yake na kumrudisha mara mbili. Mumewe husema kwamba mara ya tatu alirudi mwenyewe, ingawa hakikubaki cha kutengeneza. Walijaliwa binti na mvulana.

Mwaka 2017 aliamua kwamba wanafunzi wake wajiunge na ushirika wa kimataifa wa watafiti wanaogonganisha chembe ndogo kuliko atomu, katika mtambo ulioko ng'ambo. Aliambiwa hayo ni mambo ya wakubwa, wanafunzi wetu watakuwa watalii tu. Alitoa viti vibovu katika chumba namba kumi na saba, kilichokuwa stoo ya kitivo, akaweka kompyuta nne. Nyaya alizokuwa akibeba mkobani ndizo zilizompa jina la Mama Waya. Sharti la ushirika ni kwamba anayetaka jina lake litokee kwenye makala zao aufanyie kazi mwaka mzima kwanza. Wanafunzi walipewa zamu za kukagua picha za kigunduzi, chombo kinachonasa alama za chembe, na kutaja sehemu zilizokufa.

Wiki ya pili walikosea. Waliisoma ramani ya kigunduzi kama mtu anayekitazama kwa nyuma, kushoto kukawa kulia, wakatangaza kwamba sehemu iliyo hai imekufa. Ripoti yao ilisomwa na watafiti mia kadhaa. Mkuu wa kitivo akataka stoo yake irudishwe. Wanafunzi walitaka kuomba radhi kwa jina la kikundi, lakini marehemu alikataa.

"Kila mmoja aandike jina lake chini ya kosa," alisema. "Mkiona aibu kuliandika hapa, na kwenye makala msiliandike."

Waliandika. La kwake aliliweka juu kabisa. Mwaka 2019 majina saba ya chumba kile yalichapishwa kwa mpangilio wa alfabeti katikati ya maelfu, na hakuna msomaji aliyeweza kujua yapi yametoka stoo.

Juni mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifundisha hadi Agosti. Sisi wanafunzi wake wa sasa tulipomtembelea hospitalini Jumatatu iliyopita, mmoja wetu alianza kulia. Marehemu alimuuliza kama zamu yake imeisha, kisha akanigeukia mimi, mtoto wa kaka yake: "Barua imesainiwa?" Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Barua haijasainiwa. Ushirika haukubali kikundi kisicho na kiongozi aliyeteuliwa na chuo. Mhadhiri aliyeandaliwa na marehemu yuko tayari, lakini uteuzi wake unasubiri sahihi moja tangu Agosti. Bila sahihi hiyo sisi wanane, tuliobakiza miezi mitatu kutimiza mwaka wa sharti, tunapoteza mwaka wetu wote. Juzi, kabla hata kaburi halijachimbwa, mlango wa chumba namba kumi na saba ulitiwa kufuli jipya.

Wapo watakaosema msiba si mahali pa maneno haya. Mwenyewe aliagiza yaandikwe humu, na nisiyasome kwa sauti ya chini. Mkuu wa kitivo, tunakushukuru kwa kuja. Barua iko ukurasa wa nyuma wa ratiba uliyoishika. Kalamu anayo mumewe, hapo kiti cha pili.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili, dada mmoja, na sisi wanane. Makala zijazo zitalibeba jina lake, na kando yake alama ndogo ya kuonyesha kwamba hayupo tena. Majina yetu yatakuwa kwenye orodha hiyohiyo.

Apumzike kwa amani, zamu yake ameimaliza. Ya kwetu inaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, kufuli liwepo lisiwepo.